Jibu: Huyo "komandoo" wa Ngamiani

Ndugu, umeuliza kama bwana wa kijiwe cha kahawa Ngamiani anayejiita komandoo wa Vita vya Kagera (kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin) ni wa kweli. Piga hesabu ya umri. Vita vilianza Oktoba 1978, Kampala ikatekwa Aprili 1979. Unasema ana miaka 55? Basi wakati huo alikuwa anajifunza kusoma, labda alipigana na wenzake mapumzikoni! Muulize kikosi na kamanda wake, uone atakavyobadilisha mazungumzo. Wengine wanaojidai hivyo walipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) tu. Hiyo sare ya jeshi anayovaa imtie hofu: mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi. Na hela anayotaka ili amwingize mdogo wako jeshini, usimpe hata senti. Nafasi hutangazwa hadharani, haziuzwi.