Dawa ya mimea haikuondolei kibali

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimestaafu benki, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Kuna kampuni ya Marekani inaniuzia franchaizi ya kupiga dawa ya wadudu "rafiki wa mazingira". Nalipa ada ya kuingia, kisha mrabaha wa asilimia 8 kila mwezi. Wao wananipa jina, mafunzo ya wiki moja na dawa yao inayotokana na mimea. Wanasema dawa ni ya asili, hivyo ni salama kabisa kwa watoto na kibali hakihitajiki. Nitie kiinua mgongo changu?

JIBU: Marahaba. Usitie bado, na sababu si asilimia 8. Ni hayo maneno "ya asili, hivyo ni salama". Nayasikia hadi masikio yanauma.

Chukua pareto, tunayoilima wenyewe Iringa na Mbeya. Sumu yake, pairethrini, imetoka kwenye ua, lakini ikiingia kwenye bwawa la samaki utaokota mizoga, na nyuki nao haiwaachi. Uzuri wake ni kwamba jua huivunja upesi, haikai kwenye mazingira. Ila dawa isiyokaa haiwezi kukulindia nyumba miezi sita. Kwa hiyo anayekuahidi chupa ya mimea inayovunjika haraka na papo hapo ina garantii ya mwaka, muulize jina la kemikali iliyomo. Akisema ni siri ya kampuni, nyanyuka uondoke. Huko kwao Marekani, EPA, mamlaka ya serikali ya mazingira, huhesabu neno "salama" kwenye lebo ya kiuatilifu kuwa ni upotoshaji, hata ukiongeza "ikitumiwa kama ilivyoelekezwa".

Kibali unahitaji. Viuatilifu, vya mimea au vya kiwandani, vinasajiliwa na TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na kupiga dawa kibiashara kuna kibali chake. Dawa yao isiposajiliwa hapa, utakuwa umenunua jina na fulana za kijani.

Kazi rafiki wa mazingira ni kupunguza kupuliza, wala si kubadilisha chupa. Tuseme umeitwa kwa wale mende wadogo wa kahawia wa jikoni. Fundi anapiga magoti na tochi: nyuma ya mota ya friji, kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki. Kifuko kimoja cha mende hubeba mayai 30 hadi 40, na dawa ya kupuliza haipenyi humo. Anaweka vitone vya jeli ya chambo, anaziba nyufa, anamwambia mwenye nyumba bomba linalovuja litengenezwe. Baada ya wiki chache anarudi kukagua. Kesho yake dada wa nyumbani akipuliza dawa ya kopo juu ya ile jeli, mende hawaigusi tena, na simu ya lawama inakuja kwako.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Gharama kubwa ni saa za fundi na safari za kurudi. Mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida: kazi ya shilingi 150,000 wao wanachukua 12,000 hata kama ulirudi mara mbili bure. Tanzania haina sheria mahsusi ya franchaizi, kwa hiyo kisichoandikwa kwenye mkataba hakitakutetea. Sheria ya Marekani inamlazimu muuzaji kumpa mnunuzi wa huko waraka wa taarifa zake siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Uombe, kisha wapigie simu waliojitoa kwenye franchaizi hiyo.

Na wiki moja ya mafunzo! Huko ndiko wanakotoka wapulizaji wa "mara moja tu, mwaka mzima", wenye chupa za maji zisizo na lebo, na wauza vifaa vya kuchomeka ukutani eti mlio unafukuza panya. Wabaya kuliko wote ni wanaoweka vidonge vya fosfini, vile vya maghala ya nafaka, chumbani kuua kunguni. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi, nayo inapenya hadi kwa jirani na kuua watu waliolala. Ukiona fundi yeyote anaviingiza kwenye nyumba wanamoishi watu, mzuie na upige simu polisi.