Mama, miye si docta

Juzi usiku dada mmoja wa Bukavu aliniandikia mesaji ndefu. Amemaliza lisansi ya uuguzi, wamemuweka kwa konsultasyo, yaani kupokea na kupima wagonjwa, na anasema hivi: "Yaya, mgonjwa anaingia, anakaa, ananiangalia toka juu mpaka chini, kisha ananiuliza docta atakuya saa ngapi. Miaka yote ile nilisoma ya nini?" Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka juu hiyo swali nayo ilishanikula sana.

Wacha nianzie kwangu. Nilianza kazi ya uuguzi hapa Goma, Kongo yetu, upande wa Ndosho, nikiwa na A1, baadaye nikarudi kwa masomo nikachukua A0. Kwa wenye hawajui hizo namba, A2 ni muuguzi mwenye kutoka sekondari, A1 ni wa graduat, diploma ya miaka mitatu, A0 ni wa lisansi, yaani namba ikishuka masomo yanapanda, na mwenye alipanga hivyo sijui alikuwa anawaza nini, halafu tunashangaa raia hawaelewi kitu! Miaka ya masomo naruka, ilikuwa njaa na kukopa notisi.

Basi pale Ndosho wote waliniita docta. Bluzi nyeupe, steteskopu kwa shingo, umeshakuwa docta. Na miye nilikuwa naitika. Nasema ukweli wangu hapa, nilipenda, hata nyumbani mdogo wangu aliniita vile na sikumkataza.

Kulikuwa mama mmoja anauza makala, ya kupikia, si hizi zangu za kuandika. Alikuja kichwa kinamuuma wiki mbili, yeye anajua ni malaria, amekwisha kunywa dawa za malaria mara mbili bila kipimo. Nikamkalisha, nikamuacha apumue, nikamuwekea mashine ya tansyo, yaani presha, kwa mkono wa kuume, wa kushoto, nikarudilia. 19 juu ya 11, wengine wanaandika 190 juu ya 110, imepanda sana. Nikamtuma hopitali siku ile ile, docta akamuandikia dawa, na akarudi kwangu kwa kufuatiliwa. Miaka miwili tansyo yake ilikaa kwa 13, 14. Nilijua mwezi gani amekosa pesa ya dawa, juu mashine ilikuwa inamsema mbele hajafungua kinywa. Tuligombana juu ya makayabu, ile samaki ya chumvi, mpaka akakubali kuiloweka usiku mzima na kumwaga maji mara mbili. Hiyo kazi yote, kusikiliza, kupima, kujua ni saa ngapi ya kumtuma mbele na ni saa ngapi ya kubaki naye, njo kazi yenyewe ya infirmye, yaani muuguzi, mwenye amesoma sana. Na niliifanya vizuri, sioni haya kusema.

Siku moja kwa mstari jirani yake akamwambia: yule si docta, ni infirmye tu. Akaingia, hakukaa. "Kumbe ulikuwa unanidanganya?" Nilikosa jibu. Sikumdanganya lakini nilikuwa naitika, si ndiyo? Akachukua fishi yake akaenda. Nilisikia kwa mtoto wake kwamba aliacha dawa, akaanza kununua majani ya mtu mmoja wa soko, na siku waliponiita nyumbani kwake mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kushoto haunyanyuki. Watu waliniambia si kosa yako. Asante, lakini miye najua nilivyoitika.

Toka hapo sentensi yangu ya kwanza ni moja: "Mama, miye si docta. Miye ni infirmye, nimesomea kazi hii, nitakupima na kukutunza, na kitu kikinishinda nitakutuma kwa docta leo leo." Mwanzoni wawili watatu walisimama wakaenda. Waende. Wenye walibaki walianza kuleta shemeji zao.

Halafu nikajifanya mwerevu. Redio moja ilinialika tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, nikaenda na karatasi nne. Nikawaeleza kwamba mwaka 1965 muuguzi Loretta Ford pamoja na docta Henry Silver walianza Colorado, Marekani, masomo ya kumfundisha muuguzi kupima na kutunza mgonjwa kwa upana zaidi, kwamba baraza la wauguzi la dunia liliandika maana ya kazi hiyo mwaka 2002, kwamba Ufaransa iliweka mambo yake sawa mwaka 2018, hata nikaingiza na sheria yetu ya 2016 yenye kuanzisha Ordre, chama cha kisheria cha wainfirmye. Nilijisikia professa. Wakafungua simu, mtu wa kwanza akasema: "Mama, mtoto wangu anaharisha tangu jana, nifanye nini?"

Karatasi nne zikafa pale pale. Nikamuuliza mtoto anakunywa? Macho yameingia ndani? Ukivuta ngozi ya tumbo inarudi mbio ao polepole? Nikamwambia ampe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa litre moja ya maji safi, kidogo kidogo na kijiko, na amlete sasa hivi asingoje kesho, juu hapa Goma kolera tunaijua. Simu zikaanza kupishana. Wa tano njo aliniuliza, "we ni docta wa hopitali gani?" na nikamjibu miye ni infirmye. Kukawa kimya kidogo, kisha akasema: kumbe infirmye wanajua hivi?

Sasa ushauri wangu kwa yule dada na kwenu wainfirmye wenzangu, ni huo huo tu. Usiitike docta. Acha kueleza diploma, eleza kazi, kwa kanisa, kwa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa, kwa estati ya Watsapu, mahali watu wako. Usimseme docta vibaya, yeye ni mwenzako, na mgonjwa akiona mnagombana atawakimbia wote wawili. Na tena, usiitike docta!

Juu angalieni, wenzangu. Nchi hii ina zone za afya 519, na kwa santre za afya nyingi mwenye kufungua mlango asubuhi ni infirmye titulere, mkuu wa santre, yeye anapokea, anapima, anaandika, anazalisha, anatuma mbele. Wamama wengi waliopasuliwa kwa kuzaa, mwenye aliwachoma sindano ya ganzi kwa mgongo ao kuwalaza usingizi alikuwa infirmye, na wanashukuru docta peke yake, juu sisi wenyewe tulivaa jina lake. Tunalia kwamba raia hawatuheshimu, lakini kila siku kazi yetu tunaiandikisha kwa jina la mtu mwingine. Nani atajua?

Nilimjibu dada hayo yote, kwa ufupi kuliko hapa. Leo saa sita ameniandikia tena. Anasema alimwambia mzee mmoja kwa upole kabisa, papa, miye si docta, miye ni infirmye, nitakutunza vizuri. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: "Sawa, docta."