LED kwenye taa za breki na ile alama ya balbu kuungua

Ndugu, umesema taa za breki zinawaka vizuri ila tangu uweke LED dashibodi inang'ang'ania kwamba balbu imeungua. Gari lako halina ubovu. Balbu ya kawaida ya breki inakula wati 21, hiyo LED labda 3 tu. Kompyuta ya gari ikiona umeme unapita kidogo hivyo, inadhani balbu imekufa. Volkswagen na BMW nyingi zina kisirani hicho.

Tafuta LED zilizoandikwa CANBUS, yaani zilizotengenezwa zisiwashe alama hiyo, au fundi akufungie rizista ya omu 6, wati 50, sambamba na balbu; hiyo inakula umeme wa ziada ili kompyuta ione kama balbu ya kawaida. Tahadhari, inachemka kweli kweli! Yangu niliiegesha kwenye plastiki ya taa, ikayeyusha tundu la kupita kidole gumba. Ifungwe kwenye bati la bodi.

Kioo cha taa kikiwa chekundu, nunua LED nyekundu. Nyeupe hutoa rangi ya waridi iliyopauka. Halafu usiku mtu asimame nyuma, hatua kama 20. Washa taa ndogo, kanyaga breki. Asipoona tofauti ya mwanga, rudisha balbu za zamani siku hiyo hiyo.