Abisko mwishoni mwa Februari: jibu kwa mkuu mwenye siku saba

Mkuu, umeuliza kwamba wewe na shemeji mmeshakata tiketi hadi Stockholm, mna siku saba mwishoni mwa Februari, mnataka kupanda kaskazini kuona aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, na hofu zenu ni mbili: baridi, na pesa kupotea bure mawingu yakifunga. Mimi kwetu Tanga, naishi Uppsala hapa Uswidi, na huko juu nimeshakwenda mara nne wakati wa baridi. Naandika kirefu kwa sababu safari yangu ya kwanza niliikosea, na sitaki muikosee hivyo hivyo.

Safari ile nilikwenda Tromsø, Norwei, siku tatu za katikati ya Desemba, kwa ajili ya aurora tu. Tromsø iko pwani. Mkondo wa maji ya vuguvugu unapita hapo, bahari haigandi, na baridi yake si kali kama watu wanavyoihofia, ila pwani hiyohiyo ndiyo inayoleta mawingu. Usiku wa kwanza mawingu, wa pili theluji, wa tatu mvua. Mchana sikuwa nimepanga chochote. Na kule jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa kuchomoza kwa jua. Nilikaa dirishani saa sita ya mchana, nje kuna mwanga wa bluu kama wa alfajiri, nikasubiri upambazuke, haukupambazuka. Ilipofika saa nane ukaanza kufifia tena. Niliumia sana siku zile, na si kwa sababu ya aurora peke yake. Nilikuwa nimeubeba mchana wote kama muda wa kusubiri usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: pangeni mchana kwanza. Kaeni sehemu moja, bara, si pwani, usiku nne au tano, na kila mchana muwe na shughuli ya theluji ambayo mngeifurahia hata kama aurora isingekuwepo duniani. Usiku mtatoka nje kuangalia, bila kulipia gari la kuwakimbiza huku na huku. Mawingu yakifunga, bado safari mmeipata.

Sehemu yenyewe ni Abisko, upande wa Uswidi, kama kilomita 95 kutoka mji wa Kiruna. Milima ya magharibi inazuia unyevu wa bahari, mvua na theluji huishia kule, na Abisko inabaki kavu. Kwa mwaka mzima inapata milimita 300 hivi, kiasi ambacho hata Dodoma inakipita. Anga kavu maana yake usiku mwingi wenye nyota. Madereva wengi wa Tromsø wenyewe mawingu yakizidi huwapeleka wageni bara hadi karibu na mpaka wa Ufini, mwendo wa saa mbili au zaidi kwenda tu. Ukilala bara umeshafika.

Na mwishoni mwa Februari mmechagua vizuri. Mchana umerudi, mnapata saa nane hadi tisa za mwanga, jua liko chini na theluji inang'aa rangi ya waridi asubuhi na jioni, halafu usiku bado ni mrefu wa kutosha.

Sasa baridi. Abisko na Kiruna mwezi huo jiandaeni kwa nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na siku mbaya inaweza kushuka hadi 30. Hewa ni kavu, kwa hiyo haipenyi kama baridi ya Stockholm yenye unyevu. Kinachomuumiza mtu ni nguo mbaya. Msivae pamba mwilini, hata soksi. Pamba inanyonya jasho, inabaki mbichi, na mkisimama dakika kumi inakuwa kama mmevaa kitambaa cha maji. Ndani kabisa vaeni fulana ndefu na suruali ya kubana ya sufu, juu yake sweta la sufu au flisi, juu kabisa kitu kinachozuia upepo. Kampuni nyingi za matembezi zinawaazima ovaroli nene na buti, kwa hiyo msinunue koti la bei mbaya. Nguo za ndani ndizo za kununua.

Buti ndipo nilipopata funzo. Safari ya pili kampuni moja ilinipa buti za saizi yangu kamili, nami nikavaa soksi mbili ndani ili nipate joto. Vidole vikabanwa, damu haipiti, na baada ya saa moja sikuvisikia kabisa. Nilimwambia kiongozi, tukasimama, akanivua buti na kuziweka nyayo zangu tumboni kwake ndani ya koti lake mpaka vikaanza kuchoma. Vilichoma kweli, lakini maumivu yale ndiyo dalili nzuri. Chukueni buti kubwa kwa namba moja au mbili, soksi moja nene, vidole vicheze. Mikononi, glavu zile zisizotenganisha vidole zina joto kuliko za vidole vitano.

Mambo mawili ambayo wenyeji hawatawaambia kwa sababu hayawahusu. La kwanza ni ngozi. Hewa ile inakausha kuliko kiyoyozi, mtapauka na midomo itapasuka. Pakeni mafuta mazito, ya mgando, kabla ya kutoka, si losheni nyepesi yenye maji. Vitabu vya huku vinasema baridi ikiuma ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwetu sisi inajificha: angalieni kijivu, kama majivu au nta, kwenye ncha ya pua, mashavu na masikio, na pale panapokufa ganzi. Kaguaneni usoni kila nusu saa. Ukiona doa, lifunike kwa kiganja chenye joto. Usilisugue, na theluji usiiguse hapo kabisa. La pili, kama shemeji amesuka rasta nene, kofia za kuazimwa hazitamwingia. Aje na kofia yake kubwa ya sufu na skafu ya kuzungushia shingo hadi puani.

Shughuli ya kwanza ambayo msiiache ni mbwa. Bei yake mara nyingi inapita krona 1,500 kwa mtu, ni pesa nyingi, na mimi ningelipa tena kesho. Sledi ni kitu kama kitoroli chepesi kisicho na magurudumu, mmoja anakaa mbele juu ya ngozi, mwingine anasimama nyuma kwenye vyuma viwili vya kuteleza. Mnaambiwa mambo mawili: mguu uwe tayari kwenye breki, na hata ukianguka usiachie mkono, maana mbwa hawatakusubiri. Kabla ya kuondoka ni kelele tupu. Mbwa wanabweka, wanaruka juu, wanang'ata kamba, sledi imefungwa mtini na mti unatikisika. Kisha kamba inafunguliwa, na ndani ya sekunde tatu kunakuwa kimya. Sikuwa nimeelezwa hilo. Wakishaanza kukimbia hawabweki tena. Unasikia vyuma vinavyokwaruza theluji na pumzi zao, basi. Jike mmoja wa mbele alikuwa akikimbia huku anachota theluji kwa mdomo kama maji ya kunywa, bila kupunguza mwendo hata kidogo. Alikuwa na viatu vidogo vya kitambaa miguu yote minne, vya kukinga barafu isimkate katikati ya vidole, na ndevu zake zilikuwa zimeganda nyeupe. Tuliposimama alikuja akaegemeza kichwa pajani kwangu. Kwenye mpando shuka uwasaidie mbwa kusukuma. Wanageuka nyuma kuangalia kama unafanya kazi.

Ya pili ni kuwatembelea Wasami. Hao ndio wenyeji wa asili wa kaskazini yote ile, kuanzia Norwei hadi Urusi, na huku Uswidi haki ya kufuga kulungu wa kaskazini ni yao. Tafuteni familia inayofuga kweli, si banda la picha. Mama mmoja mfugaji alitukalisha kwenye hema karibu na moto, akatupa kahawa yenye vipande vya jibini ndani. Jibini inalainika, unaila kwa kijiko mwishoni. Alituonyesha sikio la kulungu lenye mikato midogo: kila mfugaji ana mikato yake, kama alama za ng'ombe kwetu. Kisha akatueleza kinachowanyima usingizi. Kulungu hufukua theluji kwa kwato kutafuta laikeni, kitu kama ukoga mkavu kinachoota ardhini. Siku hizi mvua inanyesha katikati ya baridi, inaganda juu ya theluji na kuwa tabaka la barafu, chakula kiko chini na mnyama hawezi kukifikia. Inabidi wanunue chakula cha mifuko. Alikuwa anaongea taratibu, na nikawakumbuka wafugaji wa kwetu wanavyozungumzia ukame. Msimuulize mtu ana kulungu wangapi. Ni kama kumuuliza ana shilingi ngapi benki, na nadhani hata kwetu mfugaji hapendi kuhesabiwa ng'ombe wake. Soko kubwa la Jokkmokk, linalofanyika tangu mwaka 1605, huwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo litakuwa limepita. Safari nyingine mlilenge.

Kuvua kwenye barafu ni bei nafuu na kunafaa siku ambayo mmechoka. Ziwa Torneträsk lina urefu wa kilomita 70 na linaganda mpaka magari ya theluji yanapita juu. Mnatoboa tundu kwa keekee ndefu ya mkono, mnalala kifudifudi juu ya ngozi ya kulungu, mnafunika kichwa na kuchungulia. Maji ni ya kijani na unaona mbali hadi chini. Mimi mtoto wa pwani niliona ajabu kuvua nikiwa nimelala juu ya bahari, maana ndivyo ilivyoonekana. Sikupata samaki, jirani yangu alipata wawili.

Pikipiki ya theluji mimi sikuipenda kwa kelele, na bila leseni ya udereva mtakuwa abiria tu. Hoteli ya barafu ya Jukkasjärvi, ambayo ilianza mwaka 1989 na hujengwa upya kila baridi kwa barafu ya mto Torne, inatosha kuitembelea mchana kwa tiketi. Nyangumi wa upande wa Tromsø, msimu wao ni Novemba hadi Januari, msiuziwe sasa.

Aurora yenyewe: tokeni kati ya saa tatu usiku na saa saba, mwende mbali na taa za majengo, mvae kila kitu maana mtasimama. Ikiwa hafifu, macho yanaiona kama moshi mweupe na simu ndiyo inayoonyesha kijani. Watu wengi wanarudi ndani hapo wakidhani ni wingu. Msirudi. Usiku wangu wa pili Abisko tulisimama juu ya ziwa, moshi ule ukakaa kama dakika ishirini, halafu ukashuka mikunjo kama pazia na kuanza kukimbia kutoka milima ya Lapporten hadi upande wa pili. Theluji ikawa ya kijani hadi nikaziona nyuzi za glavu zangu. Chini ya miguu barafu ilikuwa inatoa mlio mrefu, kama ngalawa inapoburutwa juu ya mawe. Simu ziwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo chaji inaisha ghafla. Mkirudi ndani ifungeni kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto, isije ikajaa unyevu.

Usafiri: treni ya usiku kutoka Stockholm inachukua kama saa 17 au 18, na ningewashauri hiyo kwa kwenda, kurudi mpande ndege Kiruna. Siku moja mchukue treni kutoka Abisko hadi Narvik, bandari ya Norwei, chini ya saa mbili, inashuka kutoka milima ya theluji hadi bahari isiyoganda. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1903 kwa ajili ya kupeleka chuma cha Kiruna bandarini, na mpaka leo treni za madini zenye mabehewa 68 ndizo zinazotawala. Mwezi Desemba 2023 moja iliacha njia na reli ikafungwa kwa wiki nyingi, kwa hiyo angalieni hali ya njia kabla ya kulipa. Viza yenu ya Schengen inawavusha Norwei bila tatizo, ila pasi muwe nazo mkononi. Mkipita Kiruna mlione kanisa la mbao la mwaka 1912: mgodi unakula ardhi chini ya mji, na Agosti 2025 walilibeba zima zima kama kilomita tano hadi mji mpya.

Nitumie namba za viatu vyenu, yako na ya shemeji. Nina buti mbili za ziada na seti moja ya nguo za sufu, nitawaletea uwanja wa ndege wa Arlanda siku mnayotua.