Mbuzi na Vichaka vya Kiangazi: Maswali Yenu

Mbuzi wangu hung'ata majani mawili matatu ya mgunga, kisha huyo, kichaka kingine. Mbona hatulii mahali pamoja akashiba? (Msomaji, Gilgil)

Hivyo ndivyo anavyoshiba. Majani ya mgunga yana protini nzuri, lakini yana tanini pia, ule ukali unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Tanini hushikamana na protini, na ikizidi, chakula hakisagiki vizuri tumboni. Kichaka cha jirani kina ukali wa aina yake. Akichukua kidogo huku na kidogo kule, hakuna sumu moja inayomrundikia. Msogelee siku moja umtazame mdomo: ule wa juu unachezacheza, unapenya katikati ya miiba, kisha majani yanabanwa kati ya meno ya chini na ufizi wa juu, maana mbele juu hana meno. Miiba haimfukuzi, inampunguzia tonge tu. Huniuma sana kumwona mbuzi amefungwa kamba kwenye kichaka kimoja kutwa nzima.

Mimea ya leleshwa imejaa kwetu, lakini mbuzi wanaipita. Kwa nini? (Msomaji, Elementaita)

Harufu. Fikicha jani lake unuse: ni kali kama kafuri. Mbuzi hunusa kabla ya kung'ata. Wataionja, ila wakianza kuitegemea, ujue malisho yamekwisha.

Nimenunua mbuzi kutoka mbali. Anakonda, na wenzake kwenye malisho yale yale wananawiri. (Mama, Nyakach)

Pole, mama. Huenda hajaijua mimea ya kwenu. Mwanambuzi hujifunza kwa mamake: hufuata pua yake mpaka kwenye jani analotafuna. Baadaye tumbo lenyewe humfunza. Jani lililomchafua, kesho halitaki. Huyo wako alisomea vichaka vingine. Mwachie atembee na wenyeji, umpe na maganda ya mgunga yaliyoanguka wakati akijifunza. Asipopata nafuu, mpimishe minyoo.

Kwa ujuzi huo wote, anaweza kula sumu? (Msomaji, Seme)

Anaweza, hasa akiwa na njaa au akiwa mgeni. Kichaka cha lantana huharibu ini. Macho hugeuka manjano na ngozi hubabuka juani. Ukiziona dalili hizo, mtoe kwenye lantana, muweke kivulini, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.