Mtoto Tumboni na Maisha ya Mama Yake

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi saba, na kutwa husimama kibandani mbele ya jiko la makaa akikaanga viazi karai. Mkunga alimpima tumbo kwa utepe, akasema mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba. Mama yangu asema ni maumbile ya ukoo. Je, si maisha yetu haya ya kubangaiza?
Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu yangu, maumbile yamo, ila usiyatwike mzigo wote. Mwaka 1944 hadi 1945 njaa ilipoikumba Uholanzi, watoto ambao mama zao walikaa na njaa miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaliwa wakipungukiwa takriban gramu 300, na hawakuwa wa ukoo mmoja hao. Moshi nao una lake, kwa kuwa sumu ya makaa hukalia nafasi ya oksijeni katika damu ya mama, na mtoto hana hewa nyingine ila hiyo ipitayo kwenye kondo la nyuma. Hapa Pwani yetu kuna malaria pia, ambayo huweza kujificha kwenye kondo hata mama asipohisi homa.

Utepe hukosea, mwombe mkunga awaelekeze kwenye picha ya tumbo ya ultrasound wiki hii, msingoje kliniki ijayo. Jiko litolewe kibandani, mkeo apate kigoda na chandarua chenye dawa, na sahani yake ipakuliwe kwanza, isiwe ya makombo baada ya wateja. Ndoo za maji, bwana, zibebe wewe.