Kwa anayeanza kufuatilia ndege za kivita za Japani: anzia kiwandani

Ukianza kusoma habari za ndege za kivita za Japani, utavutwa na majedwali ya mwendo, uzito na silaha. Nami nilianzia huko. Nilijaza daftari zima, lakini mtu akiniuliza kwa nini Wajapani huunda ndege nzuri kisha hutengeneza chache tu, nilikuwa sina jibu.

Chukua Zero, ndege ya kivita ya Japani ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1939 ndege ya kwanza ya majaribio ilikamilika kiwandani kwa Mitsubishi, Nagoya, ila kiwanda hakikuwa na uwanja wa kurukia. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya maksai na kukokotwa karibu kilomita 48 hadi uwanja wa Kakamigahara, kwa sababu barabara zilikuwa mbovu na lori lingeiharibu kwa mitikisiko. Ndege mpya kabisa, mwendo wa ng'ombe! Aprili 1 ikaruka. Tangu nisome hayo, kila ndege naiuliza kwanza imetokaje getini.

Majina nayo yana mtego. Zero huitwa A6M: A ni ndege ya kivita ya kuruka kutoka melini, 6 ni aina ya sita, M ni Mitsubishi. Lakini Zero nyingi zaidi zilitengenezwa na kampuni nyingine, Nakajima. Baada ya vita Japani ilipigwa marufuku kuunda ndege hadi 1952, na kutokana na mabaki ya Nakajima ikazaliwa Fuji, ambayo leo ni Subaru. Ndiyo, hao hao wa magari. Helikopta za jeshi wanazitengenezea mjini Utsunomiya.

Kosa langu la aibu ni F-2, ndege ya kivita ambayo Japani iliiunda kwa kushirikiana na Wamarekani kutokana na F-16 yao. Niliandika kwamba ni F-16 iliyopakwa rangi ya bluu. Jamaa mmoja mhandisi alicheka sana, kisha akaniambia, "Kapime bawa, ndugu yangu." Nikapima: eneo lake limezidi la F-16 kwa robo nzima, na limeundwa kwa nyuzi za kaboni. Ukikuta neno leseni au ushirikiano, usikimbilie kusema wamenakili. Chunguza kipande kwa kipande nani kaunda nini.

Sasa idadi, na hapa ndipo penye utamu. Kwa miongo kadhaa Japani ilijizuia kuuza silaha nje, hadi masharti yalipolegezwa 2014. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali yake, na mnunuzi mmoja akibadili mawazo kiwanda kinalia. OH-1 ya Kawasaki, helikopta ya upelelezi ambayo Wajapani waliibuni wenyewe hadi injini, iliishia 38. Apache, helikopta ya mashambulizi ya Kimarekani ambayo Fuji iliiunda kwa leseni, ilikuwa mbaya zaidi: mpango ulikuwa 62, zikanunuliwa 13, ilhali Fuji ilishalipia leseni na mitambo. Fuji ikaishtaki serikali, na ikashinda. Kesi hiyo ilinifunza mengi kuliko daftari langu zima, kwa hiyo usione uvivu kusoma habari za bajeti.

Jambo la mwisho, kaa na ramani. Aprili 22, 2016, X-2, ndege ya majaribio ya kukwepa rada, iliruka mara ya kwanza kutoka Nagoya ikatua kambi ya Gifu kabla ya nusu saa kwisha. Itafute Gifu hiyo kwenye ramani: ni pale pale Kakamigahara, maksai walipofunguliwa nira.